Waya wa Kuku Ulinila Pesa, Kurabu Wakala Makomamanga

Ushawahi kununua kitu cha bei ya chini, ukajiona mjanja, halafu mwaka haujaisha unanunua tena? Basi karibu kikaoni, mwenyekiti ni mimi.

Kwetu Ndia Kuu hakuna shamba. Nyumba zimebanana, ukifungua dirisha unajua jirani kapika nini. Bustani yetu iko juu ya paa la saruji: mikomamanga miwili ndani ya mapipa yaliyokatwa. Aliipanda babu, Mungu amrehemu. Kila jioni bibi alikuwa akipanda ngazi kwenda kuiangalia, na mimi najua si makomamanga pekee aliyokuwa akiyafuata.

Shida ni kurabu, hawa kunguru walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale taka, wakaona pwani yote ni yao. Mwezi wa 6 mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Wa paa letu hawakusikia tangazo. Tunda likianza kuwa jekundu tu, wamelitoboa. Mwaka juzi hatukuvuna hata moja, na bibi akaacha kupanda ngazi. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikaingia mtandaoni. Video ya jamaa wa Uingereza: fremu ya mbao, waya wa kuku, misumari, tayari. Nikatumia shilingi 6,800. Bibi akatazama mara moja akasema, "Mwanangu, hiko hakimalizi mwaka. Ushamuona mvuvi mwenye wavu wa chuma?" Nikacheka.

Miezi tisa baadaye sikucheka. Waya wa kuku ni mwembamba na umepakwa zinki kidogo tu. Upepo wetu unatoka baharini na chumvi yake. Zinki ikiisha, kutu inaanza. Ukiugusa unavunjika kama kaukau. Mbao nazo zikalowa masika, zikapinda. Kurabu wakapita kwenye tundu kama wageni walioalikwa.

Basi nikarudi kwa bibi, kichwa chini. Tukaanza upya hivi:

Nguzo: boriti nne kuukuu zilizobaki nyumba ilipotengenezwa dari. Boriti ni mti wa mkoko, mgumu, na mchwa hauupendi. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba kwa sababu vilifuata urefu wa boriti, na nyingi bado zimebeba sakafu hadi leo. Lakini usiende kukata mikoko, inalindwa na inahitaji kibali. Tafuta zilizotumika.

Matao ya juu: bomba nyeusi za maji za plastiki. Ule weusi ni masizi yaliyochanganywa ndani, ndiyo yanayokinga jua. Zinapinda bila kuvunjika.

Wavu: wavu kuukuu wa uzi wa kusokota kutoka kwa wavuvi wa Bandari ya Kale. Matundu yawe ya kupita nyuki lakini si kurabu. Ukitumia chandarua, nyuki hawaingii na maua mengi yatapukutika bure. Wavu wa uzi mmoja mwembamba unaong'aa achana nao: kwa uvuvi umepigwa marufuku Kenya, na ndege akinasa mguu hatoki. Na uvute vizuri, usiache ukining'inia.

Hakuna msumari. Kila kitu kimefungwa kwa kamba, na nguzo zimesimama ndani ya ndoo za saruji. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kuta hizi si za kutobolewa ovyo.

Hesabu: wavu 500, bomba 1,200, saruji nusu mfuko 400, kamba 200. Jumla 2,300.

Sitawadanganya, jua litaula wavu. Nyuzi zikianza kutoa unga nitabadilisha. Lakini nitabadilisha kitu cha 500, si kizimba kizima.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana tukisikia "bei nafuu" tunauliza shilingi ngapi. Tuulize pia itakaa miaka mingapi hapa, kwa chumvi hii na jua hili. Yule jamaa wa video hakunidanganya, alikuwa akijenga kwao. Jibu la kwetu lilikuwa limekaa sebuleni na kikombe cha kahawa, mimi nikaenda kulitafuta kwenye simu.

Msimu huu tumevuna makomamanga kumi na moja. La kwanza bibi alilichuma mwenyewe, akalipasua pale pale juu, akanipa nusu. Kisha akasema wavu wangu una rangi mbaya.

Haya, na nyinyi huko kwenu kurabu mnawazuiaje? Niambieni, ila msinitajie waya wa kuku.