Mchoro wa Kalamu ya Risasi

Mchoro nitakaousimulia ni mdogo, hauzidi kiganja cha mkono. Niliukuta katika kitabu cha picha za Romania za miaka iliyo baina ya vita vikuu viwili vya dunia. Umechorwa kwa kalamu ya risasi tu, bila rangi. Mwanamke amelala mchangani, kofia imemfunika uso. Mwanamume anasoma gazeti chini ya mwavuli. Mtoto amechutama, anachimba mchanga kwa mikono. Bahari yenyewe ni mistari mitatu. Chini pameandikwa jina la mji: Balcic.

Nakiri kwamba mara ya kwanza niliudharau. Mimi ni mtoto wa mvuvi, na kwetu bahari ni shamba. Mtu huenda pwani na wavu au dema, wala haendi kulala. Nikajiuliza: mchoraji huyu hakuona kitu cha kuchora ila uvivu?

Baadaye nilisoma habari za mji ule. Uko ukingoni mwa Bahari Nyeusi, chini ya vilima vyeupe vya chokaa. Bahari ile haina kupwa na kujaa kama yetu. Maji yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya vidole vichache tu. Romania iliutwaa mji huo kutoka Bulgaria mwaka 1913. Malkia Marie alijenga kasri huko katika miaka ya 1920, na wachoraji, miongoni mwao Nicolae Tonitza, wakauendea kwa ajili ya mwanga wake. Watu waliostarehe pale walikuwa wametoka katika vita vya 1914 hadi 1918, vilivyoacha msiba katika nyumba nyingi. Kisha, tarehe 7 Septemba 1940, kwa mkataba wa Craiova, nchi ile ikarudishwa kwa Bulgaria, na Waromania kadiri ya laki moja wakahama. Mchanga ukabaki, wageni wake wa kiangazi wakatawanyika.

Nikaurudia mchoro, nikaona haya. Wale niliowaita wavivu walikuwa wamepumzika baina ya misiba miwili, wala hawakujua kuwa wa pili u njiani. Tena palikuwa na mtu mmoja ufukoni ambaye hakupumzika, naye ni mchoraji. Alifanya kazi upesi, kabla mtoto hajainuka.

Hapo nikamkumbuka baba. Jioni, akiisha kuipandisha ngalawa, alikuwa akiketi juu ya gogo, akanyosha miguu, akatazama maji bila kusema neno. Nami niliketi karibu naye, kalamu ya risasi imo mkobani mwangu wa shule, nisione la kuchora. Sasa amefariki, wala sina hata mstari mmoja wa sura yake.

Kalamu ya risasi ni kitu cha thamani ndogo, lakini huweza kuweka kile ambacho wafalme na mikataba yao hawawezi kukilinda. Ewe msomaji, yako unayo. Mchore umpendaye angali ameketi.