Njia ya Mwongo ni Fupi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu, wasomaji wapenzi, iliishia kwenye ufunguo wa gari.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Pikapu ya Baba, Datsun 1200 kuukuu ya miaka ya 1970, ilikuwa inabugia petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Kabureta ilikuwa imechakaa. Sukuma wiki tunazopeleka sokoni kwa pikapu hiyo ndizo karo yangu, basi Baba akanunua kabureta ya Toyota iliyotumika, akampelekea Mjomba, fundi wa jua kali.

"Mashimo ya bolti hayalingani," Mjomba akasema, "lakini dawa ipo."

Alikata bamba la alumini lenye unene wa milimita 10, akalitoboa mashimo ya kushika manifoldi chini na mengine ya kushika kabureta juu. Likabaki jambo moja. Midomo ya kabureta ilikuwa mipana kuliko ya manifoldi, na ukingo ukiachwa hapo huzuia hewa na petroli kupita vizuri.

"Fungua manifoldi uitoe nje, ndipo uitie tupa," aliniagiza, akaenda mjini kutafuta gasketi.

Jamani, uvivu! Katika injini hiyo manifoldi ya hewa imeshikana na ya moshi. Kuitoa ni kufungua nati chungu nzima. Nikaziba tundu kwa kitambaa, nikapiga tupa papo hapo juu ya injini. Nilipovuta kitambaa, vumbi la alumini likamwagika ndani!

Saa sita Mjomba alirudi. "Uliisafisha kabla ya kuirudisha?"

"Ndiyo, Mjomba, kwa petroli."

Kufikia jioni bamba lilikuwa limefungwa na kabureta imekaa. Baba akaingia, akashika ufunguo. Kijasho chembamba kilinitoka. Niliogopa kuwa vumbi lile likivutwa hadi kwenye silinda lingeweza kuiharibu injini, na ikawa kwaheri ya kuonana.

"Baba, ngoja! Usiwashe!"

Nikaeleza yote. Mjomba hakunipiga. Alinipa spana tu. Tulifungua mpaka giza likaingia, na ndani tukakuta chembe zikimetameta. Gasketi ya manifoldi ilipasuka tulipoitoa, na maduka yalikuwa yamefungwa. Siku ya soko ikatupita. Sukuma zikanyauka, tukawapa ng'ombe.

Kesho yake injini iliwaka. Mjomba akanyunyiza maji kuzunguka bamba. Mlio haukubadilika, ishara kuwa hewa haikuwa ikipenya pembeni.

Baba akanigeukia. "Umeniokolea injini, asante. Lakini ungesema saa sita, tungepata gasketi, na sukuma zingefika sokoni."

Wanachama wenzangu, ukweli wangu ulikuja, lakini ulichelewa kwa nusu siku. Nusu siku hiyo Baba aliilipia. Muhula wa tatu nilirudi shuleni na karo pungufu, na kila nikiitwa ofisini kuhusu salio, naikumbuka tupa ile.