Sauti ya Kibuyu

Huenda ukastaajabu, msomaji wangu, ukiambiwa kuwa utulivu unaweza kutengenezwa kwa mkono kama unavyotengenezwa mwiko au mzinga wa nyuki. Sisemi utulivu wa kaburini, bali ule wa mtu aliye macho, ambaye moyo wake hauko jana wala kesho. Kwetu Migwani, katika Kaunti ya Kitui, chombo cha kazi hiyo hakinunuliwi dukani.

Usidhani kwamba nataja ngoma ya kilumi. Hiyo ni jambo kubwa: ngoma zake nzito huamsha watu na kuiita mizimu, na Wakamba wameicheza tangu zamani kuomba mvua na kuponya wagonjwa. Mimi natafuta sauti ndogo, ambayo aliye chumba cha pili haisikii.

Twaa kibuyu kikavu kinachoenea kiganjani. Kitoboe shingoni, utie changarawe na maji, ukitikise mpaka uchafu wa ndani utoke, kisha ukianike siku kadhaa. Tia konzi ndogo ya ndengu, uzibe kwa gunzi la mahindi. Mbaazi hufaa pia, lakini sauti yake ina ugomvi kidogo. Ndengu huanguka kama manyunyu juu ya majani makavu. Kiinamishe polepole unapovuta pumzi, mbegu zitiririke upande mmoja; kiinamishe upande wa pili unapoitoa. Sikiliza hata mbegu ya mwisho itulie.

Hapana uchawi hapa. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 hivi kwa dakika, na mwenye wasiwasi huzidisha. Mkono uendao polepole huifanya pumzi iufuate, na mapigo ya moyo nayo hupungua. Tena sikio linalofuatia sauti inayofifia halina nafasi ya kurudia maneno ya jana. Mwaka 1952 Mmarekani John Cage alitoa kipande cha muziki ambacho mpigaji hapigi chochote kwa dakika 4 na sekunde 33. Wasikilizaji wakaachiwa upepo, matone ya mvua juu ya paa na minong'ono yao wenyewe. Baadhi yao walikasirika. Bibi zetu wangalishangaa kwamba jambo hilo lilihitaji ukumbi.

Mmoja wa bibi hao, jirani yetu, alikuwa akisukasuka maziwa kila asubuhi katika kibuyu kikubwa mpaka siagi ijitenge. Mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na ng'ombe wake watatu wakafa. Kibuyu kikabaki kikining'inia ukutani, na usingizi ukamkimbia. Usiku mmoja akakitungua, akatia ndengu chache, akakisukasuka gizani kwa mwendo ule ule mikono yake iliouzoea, hata akasinzia. Akaendelea hivyo kila usiku. Mvua haikuja kwa ajili hiyo, wala ng'ombe hawakurudi. Wajukuu walidhani ameingiwa na wazimu. Baada ya wiki chache hawakuweza kulala bila kuisikia sauti ile.

Wewe uliye bwenini, ukikosa kibuyu, mkebe wenye mchanga mkavu wa mtoni utakufaa. Kaa nao dakika tano kabla ya kufungua kitabu, na simu, kama unayo, iwe mbali. Siku za kwanza utaona dakika hizo ni ndefu mno. Wenye ndengu wazikague mara kwa mara: dumuzi huzipenda, na mbegu iliyotobolewa haina mlio. Zibadilishe baada ya mavuno.