Inshallah ya Nahodha



Safari ninayowasimulia wiki hii ilianzia jikoni kwangu, hapa Mombasa, usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Nalikwenda kutafuta maji ya kunywa, nikamsikia binti yangu mwenye umri wa miaka 11 akizungumza na mdogo wake. Mdogo alikuwa na furaha kwa kuwa mchana ule nilimwambia kwamba atapata baiskeli, inshallah. Dadake akamjibu kwa upole, kama mtu mzima anayemwonya mtoto: "Baba akisema 'nitakununulia', ngojea. Akisema 'inshallah', usingoje."

Nalirudi chumbani bila ya kunywa maji. Miaka 25 na zaidi nimewasomesha watoto wa watu lugha ya Kiarabu na maana ya maneno yake, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe neno lenye jina la Mwenyezi Mungu lilikuwa limegeuka kuwa njia ya adabu ya kusema "hapana".

Wala mtoto hakunisingizia. Marehemu mamangu alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, na dadake mkubwa yuko huko hadi leo. Binti yangu alikuwa ameniomba kwa miaka mitatu nimpeleke akamwone nyanya yake huyo. Kila likizo ya shule aliuliza, na kila likizo nilimjibu "inshallah". Mamangu mkubwa naye akinipigia simu nilimwambia hivyo hivyo: "Tunakuja, inshallah." Lakini sikuwa nimeuliza nauli, sikuwa nimeweka akiba, sikuwa nimetazama hata tarehe. Nililitaja jina la Mola wangu ili nisilazimike kusema kwamba nachelea uchovu wa njiani.

Asubuhi yake nilikwenda kukata tiketi tatu, yangu, ya mama watoto na ya binti. Yule mdogo alibaki kwa khalati yake.

Basi la Lamu huondoka Mombasa mapema, likapita Malindi na Garsen, likaingia Witu, hadi Mokowe ambako barabara huishia na bahari huanza. Ni safari ndefu, na mtu aliye na jambo moyoni hupata wasaa wa kulifikiri. Mimi nalikuwa nalo neno lile moja.

Katika elimu ya nahau, lile "in" lililo mwanzo wa inshallah ni herufi ya sharti, na sharti hudai jawabu. Mtu asemaye "nitakuja, inshallah" ametamka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni azma yake: nitakuja. La pili ni kukiri kwamba azma hiyo haisimami kwa nguvu zake, bali kwa matakwa ya Mola wake. Akiiondoa azma, sharti hubaki peke yake bila ya jambo la kulishikilia, mfano wa boriti isiyo na ukuta wa kuilalia. Kiswahili chetu nacho hakikupungukiwa. Twasema "Mungu akipenda", na ile "ki" hufanya kazi ya sharti vile vile. Twasema "panapo majaliwa", yaani pakiwa na kile ambacho mja amejaliwa na Muumba wake. Hakuna hata moja katika semi hizi iliyo na maana ya kukataa. Maana hiyo tumeitia sisi wenyewe, kwa uvivu wa nafsi zetu.

Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu anamkataza Mtume wake, rehema na amani zimshukie, asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho, ila alifungamanishe na matakwa ya Mungu. Tazameni vyema, ndugu zangu: aya inamzungumzia mtu aliyekwisha kukusudia kutenda. Inamfunza unyenyekevu mwenye azma. Asiye na azma hakupewa humo mahali pa kujificha.

Tulilala Lamu, mtaa wa Langoni. Jioni ile nilishuka pwani kumtafuta nahodha wa kutuvusha hadi Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate. Nikampata mzee mmoja anashona kipande cha turubali. Nilipomuuliza saa ya kuondoka hakunijibu papo hapo. Aliuliza leo ni mwezi ngapi. Nikamwambia kumi na saba. Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema: "Bamvua limekwisha pita. Kesho maji yatajaa kwenye saa moja asubuhi. Tuondoke saa kumi na mbili, tupite Mkanda maji yakiwa juu. Inshallah."

Binti yangu aliyekuwa kando yangu alinitazama usoni, kisha akainama. Nilijua analolifikiri: kwamba kesho hatuondoki.

Kwa wasioijua njia hiyo, Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko imeuzunguka pande zote. Maji yakijaa, chombo hupita salama. Yakipwa, chombo hukwama topeni, na abiria hukaa juani hadi maji yarudi. Kwa hiyo nahodha wa huko hana uhuru wa kuchelewa. Ratiba yake inaandikwa na mwezi, na mwezi hauandikwi na yeye.

Tulisali Alfajiri, tukateremka gatini kukiwa bado na giza. Mzee alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa anakumba maji yaliyoingia chomboni usiku. Mtungi wa mafuta ya akiba ulikuwa umefungwa kwa kamba, na pondo refu limelazwa ubavuni tayari kwa kusukumia pakiwa na kina kifupi. Mashine ilikuwa ndiyo itakayotupeleka, lakini tanga nalo lilikuwamo, limekunjwa. Binti yangu akaninong'oneza: "Baba, huyu amesema inshallah, na amekuja."

Nilikosa la kumjibu. Nalikumbuka ile hadithi iliyo katika Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, iwapo amfunge ngamia wake na kutawakali au amwache huru na kutawakali, naye akaamrishwa afunge kwanza. Hadithi hiyo nimeisomesha mara nyingi nisizozihesabu. Siku ile niliiona kwa macho: mtungi wa mafuta, pondo, tanga la akiba, kisha ndipo jina la Mungu. Mzee yule alifanya yote aliyoyaweza, na neno lile alilitumia kwa yale asiyoyaweza: upepo, mwezi, na uhai wake wa usiku mmoja.

Tuliupita Mkanda maji yakiwa yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko. Kutoka Mtangawanda tulipanda pikipiki, tukapita mji wa Pate na magofu yake, tukafika Siyu kabla ya adhuhuri. Siyu ni mji mdogo leo, ila zamani ulikuwa na wanazuoni na mafundi wengi, na misahafu iliyonakiliwa kwa mikono ya watu wake ilikuwa na sifa katika pwani hii.

Tulibisha hodi. Mamangu mkubwa alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso ameuelekeza mlangoni, lakini hakututazama. Nilimpa shikamoo nikambusu mkono, akanijua kwa sauti. Ndipo nilipotambua kwamba macho yake yameingia giza. Yalianza kufifia mwaka juzi, na mwaka jana yakazimika. Madaktari wamekwisha mwambia kwamba hawana tena la kufanya. Katika simu hakunieleza, kwa kuwa hakutaka kunitia hima.

"Ndoo, mwanangu," alimwambia binti yangu kwa lafudhi ile ya kaskazini, "ndoo nikushike." Akampapasa uso polepole, paji, pua, kidevu. "Huyu ana pua ya mamako," akaniambia. Lau ningalikuja katika likizo ile ya kwanza niliyoahidi, angaliiona.

Niliomba radhi. Alicheka kidogo, akasema maneno ambayo sidhani nitayasahau: "Wewe ulisema inshallah, mwanangu. Kulla likizo nalitandika kitanda."

Wasomaji wangu, katika kamusi ya mama yule inshallah ilikuwa na maana yake kamili. Mtu amesema anakuja, na Mungu ametajwa. Basi kitanda kitandikwe. Miaka mitatu alitandika kitanda kwa ajili ya neno langu, na miaka mitatu akakitandua. Sikupata kumdanganya mtu kwa maneno mengine. Nilimdanganya kwa hilo tukufu kuliko yote.

Jioni nilimpeleka binti yangu kuitazama Ngome ya Siyu. Nilimweleza kwamba Bwana Mataka, mtawala wa mji huu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, alimwoa Mwana Kupona binti Mshamu, na kwamba mwaka 1858 bibi huyo, akiwa mgonjwa na mjane, alimtungia bintiye utendi wa wasia ambao hadi leo unasomwa. Binti yangu akauliza: "Kwa nini hakungoja apone kwanza?" Nikamwambia: "Kwa sababu alijua kwamba kupona si kwake."

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba alipokuwa mtoto mamake alimwita aje ampe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa ameketi nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingalimpa chochote, angaliandikiwa uongo. Kama ahadi ya kokwa ya tende kwa mtoto inaandikwa, je, ahadi iliyotiwa muhuri wa jina la Mungu?

Najua wako watakaonikumbusha kwamba katika fiqhi, mwenye kuapa akakifungamanisha kiapo chake na matakwa ya Mungu hana kafara kisipotimia. Ni kweli. Lakini hukumu hiyo ni rehema kwa aliyekusudia akashindwa. Haikuwekwa iwe ruhusa ya kumlaghai mtoto anayengojea mlangoni.

Mama anapokuwa amechoka na watoto wanamvuta buibui, neno lile hutoka kwa wepesi. Baba asiye na pesa huona haya kusema hana. Nayafahamu yote hayo, maana ni maisha yangu. Lakini "hapana, mwanangu, mwaka huu sina" ni neno la kweli, na mtoto hulistahimili. Asilolistahimili ni kujifunza, akiwa angali mdogo, kwamba jina la Mola wake hutajwa pale watu wazima wasipokusudia kutenda.

Tuliporudi Mombasa nilimwita yule mdogo nikamwambia wazi kwamba baiskeli haitapatikana mwaka huu. Alilia hadi akalala. Asubuhi akaniuliza kama mwaka ujao yawezekana. Nikatoa kopo, tukatia shilingi mia ya kwanza mbele yake, ndipo niliposema: "Mwaka ujao, inshallah."

Dadake alikuwa amesimama mlangoni. Akalichukua kopo, akalitikisa asikie sarafu, akakuta ni noti tupu. Akaenda chumbani, akaleta shilingi kumi yake, akaitia.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kuafikiana na nyoyo zetu, na amrehemu kila mzee anayetutandikia kitanda. Wabillahi tawfiq.