Bando la Usiku

Mwezi uliopita tulimzika bosi wangu wa kwanza kule Magu, na njia nzima ya kurudi Mwanza nilikuwa bado nabishana naye.

Nilizaliwa Kirumba. Mama aliuza dagaa Mwaloni, kompyuta nikajifunzia intaneti kafe. Mwaka 2015 bosi huyo, Mzee, akaniajiri katika ofisi yake ya vyumba viwili, mtaa wa Rwagasore.

Docker, zana ya kufungia programu kwenye kontena, ilikuwa na miaka miwili tu, naye alikwisha kuizoea. Imeji ya kontena, alinieleza, ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachokihitaji. Ila imeji zake alizijenga kwenye laptopu, kisha tukazipandisha kwenye seva za ng'ambo kwa bando la usiku. Megabaiti 900! Nililala chini ya meza nikichungulia asilimia. Umeme ukikatika saa tisa, tabaka la imeji lililokuwa njiani linaanza upya.

Nikamwambia: Mzee, tusisafirishe ugali uliokwisha kusongwa. Msimbo na Dockerfile, yaani faili ya maelekezo ya kujenga imeji, havifiki megabaiti mbili. Tuvitume hivyo, wingu lijenge lenyewe. Mashine ya kujengea, ghala la imeji na ruhusa zake tuviandike kwenye faili za Terraform, vikifutika tuvirudishe kwa amri moja.

"Kijana, kitu ambacho hukukiona kikijengwa, kikiharibika utakitengenezaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mkubwa hajibizwi.

Mwaka 2021 akanunua laptopu ya Apple yenye chipu ya M1. Imeji ikapanda usiku kucha, asubuhi seva ikaikataa: ilijengwa kwa chipu za ARM, seva ni ya Intel. Huduma ya mteja ikalala siku nzima. Kesho yake Mzee akavuta kiti mezani kwangu. "Haya, andika hizo faili zako." Hakuongeza neno.

Kuna jambo moja alilonishinda, na ndilo nyie vijana mnalolichezea. Mnaiandika imeji ya msingi kwa jina "latest" kwenye mstari wa kwanza wa Dockerfile, mnaenda kunywa chai. Hilo ni jina tu lililopakwa ubavuni mwa mtumbwi. Mwenyewe akitaka, usiku analihamishia chombo kingine. Mzee alidai tunakili alama ya sha256, herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutoka kwenye imeji yenyewe. Ikibadilika baiti moja, alama si ile. Nilimwona mkaidi. Siku hizi kazi isiyo na alama hiyo haipiti kwangu, na mnaniita mkaidi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti nchini ikawa ya kubahatisha. Nikiwa Nyegezi nilituma marekebisho ya mistari minne. Yalijikokota, yakafika, wingu likajenga. Nikampigia simu nikijidai.

"Umeiona ikijengwa?"

Nikamtumia kumbukumbu yote ya ujenzi. Saa nne usiku akanipigia kuulizia onyo moja la katikati. Mimi nilikuwa nimelipita.