Mawimbi Yaliyo Chini ya Maji



Sisi tukaao Kyela twayajua mawimbi ya Ziwa Nyasa tangu utoto wetu. Siku za upepo wa kusi, tangu mwezi wa Mei hata Agosti, maji hupiga kwa nguvu toka Matema hata Itungi, na mitumbwi huvutwa juu ya mchanga. Wenzetu wa Malawi huuita upepo huo mwera. Lakini leo nataka kuandika habari za mawimbi mengine, makubwa kuliko hayo, ambayo mtu asimamaye ufukoni hayaoni, maana yamo ndani ya maji.

Sababu ya kuyaandika ni hii. Katika kijiji kimoja cha pwani yetu wavuvi walipata usipa tele kwa majuma kadhaa, kisha kwa ghafula nyavu zikatoka tupu, nao wakasema kwamba maji ya chini yamekuwa baridi. Haukupita muda, watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee mmoja, mtu mpole mwenye kishamba cha kakao, amewafunga samaki. Watoto wakaacha kumwamkia. Waliponiuliza darasani kama habari hiyo ni kweli, naliona yafaa niwajibu kwa kitu watakachokiona wenyewe.

Nikatwaa chupa nyeupe, nikaitia maji yenye rangi hata nusu, nikaijaza mafuta ya taa, nikaiziba, nikailaza mezani. Kisha nikaiinua upande mmoja kidogo, nikaishusha. Pale mafuta na maji yanapokutana pakainuka wimbi, likaenda hata mwisho wa chupa, likarudi, polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini. Watoto wakastaajabu kwa wimbi lile kubwa lendalo taratibu. Nikawaambia, "Ziwa letu ni chupa hii."

Maana ziwa nalo lina matabaka. Maji ya juu hupashwa joto na jua, hata kufika karibu nyuzi 28 wakati wa joto, nayo ni mepesi. Ya kilindini hayafiki nyuzi 23, nayo ni mazito kidogo. Ziwa hili lina urefu upatao kilomita 550 na zaidi, na kina chake chafika mita 700. Kusi ikivuma siku nyingi, husukuma maji ya joto kuja kaskazini, yaani kwetu, yakarundikana. Huko kusini maji ya baridi hupanda karibu na uso. Upepo ukilegea, mzigo ule hauwezi kukaa ulivyo. Tabaka huyumba kama mizani: huku hupanda, kule hushuka, kisha hubadilishana. Kwa kuwa uzito wa maji ya juu na ya chini hutofautiana kidogo mno, nguvu ya kulirudisha tabaka mahali pake ni ndogo, na kwa hiyo mwendo wake ni wa polepole sana. Katika Ziwa Tanganyika, ndugu wa ziwa letu, yumbo moja la kwenda na kurudi huchukua majuma manne hivi.

Jambo hili limewashangaza hata mabaharia wakubwa. Mwaka 1893 Fridtjof Nansen wa Norway alikuwa akipita na meli yake Fram katika bahari ya kaskazini yenye barafu. Uso wa bahari ulikuwa shwari, lakini meli ikawa kama imeshikwa na mkono, isitake kwenda. Mwaka 1904 Vagn Walfrid Ekman akaeleza sababu baada ya kujaribu kwa vyombo vidogo ndani ya birika la maji: maji matamu ya barafu iliyoyeyuka yalilala juu ya maji ya chumvi, na nguvu ya meli ilikuwa ikipotea kwa kuamsha mawimbi kati ya matabaka hayo mawili.

Na bahari ni fumbo zaidi ya ziwa, kwa kuwa ndani yake mna mizunguko mikubwa ya maji. Mwanafunzi aliyetazama Mto Kiwira wakati wa masika ameona maji yakizunguka nyuma ya jiwe. Basi mizunguko ya bahari ni jamaa ya hiyo, ila upana wake ni wa makumi au mamia ya kilomita, nayo hudumu majuma na miezi. Mmoja hutokea kila mwaka katika pwani ya Somalia kusi inapovuma. Alexander Findlay, Mwingereza, aliutaja tangu mwaka 1866. Mwingine mingi hupita kati ya Msumbiji na Madagaska, ikishuka kwenda kusini.

Mawimbi ya ndani yakikutana na mzunguko kama huo hayapiti salama. Kwanza, mzunguko huliinua au kulishusha tabaka, na mwendo wa wimbi hufuata unene wa maji yaliyo juu yake. Basi upande mmoja wa wimbi hutangulia na mwingine hukawia, nalo hupinda, kama safu ya askari ambao nusu yao wanatembea katika tope la mpunga. Pili, mkondo wa mzunguko huyachukua mawimbi na kuyatawanya. Yale yazaliwayo na maji kupwa na kujaa juu ya miamba ya chini, kama huko Mascarene upande wa mashariki ya Madagaska, yangefika mahali kwa saa zijulikanazo. Mizunguko huyavurugia saa zao. Tatu, iko mizunguko, ile izungukayo kinyume cha mzunguko wa dunia mahali ilipo, ambayo huyanasa mawimbi yaliyoamshwa na upepo na kuyashusha kilindini. Huko huvunjika na kuyakoroga maji. Hivyo nguvu ya dhoruba iliyokwisha kupita juu hufanya kazi chini, mahali ambapo upepo haukufika kamwe.

Mwaweza kuuliza, Kukoroga huko kwatufaa nini? Kwatulisha. Vitu vifavyo ziwani huzama na kuoza, na chakula cha mimea midogo ya majini hubaki chini. Katika Nyasa, kupita mita 250 hivi, hamna hata hewa ya samaki kuvuta. Maji ya chini yakipanda, mbolea hiyo hufika penye mwanga. Mimea midogo huota, wadudu wadogo huila, usipa hula wadudu, nasi twala usipa. Lakini kati ya mwaka 1939 na 1999 maji ya kilindini yalizidi joto kwa nyuzi 0.7 hivi, kwa kuwa dunia inapata joto. Na maji ya juu yakizidi kuwa mepesi kuliko ya chini, huwa kazi ngumu zaidi kuyachanganya.

Sisemi kwamba kila wavu mtupu ni kazi ya mawimbi hayo. Nyavu za matundu madogo zimemaliza watoto wa samaki, na hilo ni tendo la mikono yetu. Lakini samaki wakihama ghafula, na maji yakawa baridi, tuna jambo la kuchunguza kabla ya kumtafuta mtu wa kulaumu. Wavuvi na wapime: wafunge jiwe katika kamba yenye mafundo, washushe chupa iliyozibwa kizibo chenye kamba yake ya kukizibulia, waijaze kilindini, waipandishe na kuyagusa maji yake, na waandike siku, upepo na kina. Daftari moja la miezi sita lililoandikwa kwa uaminifu lingewafaa watoto wetu kuliko minong'ono ya miaka sita, na gharama yake ni kalamu, kamba na chupa.