Ufukwe Wenye Msitu Nyuma Yake

Mwakani, Mungu akitujalia uzima, nimekusudia kusafiri hadi Puerto Viejo de Talamanca, mji mdogo ulio katika pwani ya Karibi ya nchi ya Costa Rica, si mbali na mpaka wa Panama. Wenzangu idarani wamecheka sana. Mji huo unajulikana duniani kwa wimbi liitwalo Salsa Brava, ambalo hupasuka juu ya mwamba wa matumbawe mbele ya mji na kuwavuta vijana wa kuteleza kwa ubao, nami si mtu wa ubao. Kinachonivuta mimi kiko nyuma ya wimbi. Katika picha za pwani ile, mchanga unapokoma msitu unaanza: miti mirefu, mizabibu-pwani, minazi iliyoinamia maji, bila ukuta wala uzio katikati. Kwa mtu anayefundisha siasa za ardhi, picha ya namna hiyo ni swali. Ardhi ya ufukweni ina bei kubwa popote duniani. Ni nani aliyezuia msitu huu usigeuke hoteli?

Kupanga safari yenyewe ni somo la uhusiano wa mataifa. Raia wa Marekani huingia Costa Rica bila viza. Mwenye pasipoti kama yangu huanzia ubalozini, akiwa na taarifa za benki na barua ya mwajiri mkononi. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, hivyo njia nyepesi ni kupitia Ulaya. Kutoka San José, mji mkuu, ni safari ya basi ya saa nne au zaidi. Barabara hiyo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Braulio Carrillo, iliyoanzishwa mwaka 1978 kwa sababu wananchi walihofu kwamba barabara iliyokuwa inapangwa ingefungua mlango kwa mashoka. Barabara ilijengwa na msitu ukabaki. Kuhusu majira, mawimbi makubwa huja kati ya Desemba na Machi, ilhali Septemba na Oktoba bahari ya upande huo hutulia na mvua hupungua, wakati upande wa Pasifiki unaloa. Mimi nimechagua Oktoba.

Nilipoanza kusoma kujiandaa, jibu la kwanza nililolipata ni la kisheria. Mwaka 1977 Costa Rica ilitunga sheria ya ukanda wa bahari. Sheria hiyo inahesabu mita 200 kutoka alama ya maji kujaa. Mita 50 za kwanza ni mali ya umma. Mita 150 zinazofuata hutolewa na halmashauri kwa mkataba wa upangaji, wala haziuzwi. Miaka hiyo misitu ya nchi ilikuwa ikifyekwa kwa kasi ya kutisha ili kupata malisho ya ng'ombe. Mwaka 1996 ikaja sheria ya misitu iliyokataza kubadili matumizi ya ardhi yenye msitu, na ikaweka utaratibu wa kuwalipa wenye ardhi wanaoutunza, fedha zikitokana kwa sehemu na kodi ya mafuta. Leo zaidi ya nusu ya nchi imefunikwa na miti. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya asipite hapo haraka: aendeshaye gari huchangia kumlipa atunzaye mti.

Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimesimulia nusu ya habari, ile nusu ambayo serikali hupenda kuisimulia. Kabla ya sheria hizo kulikuwa na watu. Wengi wao ni wa asili ya Kiafrika, wazao wa Wajamaika na watu wa visiwa vingine vya Karibi. Baadhi ya mababu zao walikuja kuwinda kasa. Wengine walikuja kujenga reli ya kutoka San José hadi Limón kati ya 1871 na 1890, kisha wakafanya kazi katika mashamba ya ndizi ya United Fruit Company. Mwaka 1934, kampuni ilipokuwa ikihamia pwani ya Pasifiki, sheria ilikataza watu weusi kuajiriwa katika mashamba ya huko. Hadi mwaka 1949, wengi waliozaliwa Limón hawakuhesabiwa kuwa raia. Walilima kakao, na kakao hupenda kivuli. Miti mirefu ikaachwa isimame juu ya mikakao, na ndiyo sababu mojawapo ya kijani kile tunachokiona pichani. Hata jina la mji lilibadilishwa. Wenyewe waliuita Old Harbour. Ramani za serikali zikaandika Puerto Viejo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa ukungu uliteketeza kakao, na wenye fedha wakaanza kununua. Wakati huohuo dola nayo ilikuja, ikiwa na nia njema. Cahuita, jirani na Puerto Viejo, ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1970. Kimbilio la wanyamapori la Gandoca-Manzanillo likafuata mwaka 1985. Familia zilizokuwa zimeishi karibu na maji kwa vizazi kadhaa zikajikuta zimo ndani ya mita 200 au ndani ya hifadhi, bila hati, zikihesabiwa wavamizi wa mahali walipozikwa babu zao. Bunge lilitunga sheria ya kutambua haki zao mwaka 2014, lakini baadaye mahakama ya katiba ikabatilisha sehemu iliyogusa msitu na ardhi oevu. Mgogoro haujaisha, nami sitaki kuusimulia kana kwamba una mtu mbaya mmoja.

Kisa kinachonipa matumaini ni cha Cahuita. Mwaka 1994 serikali ilipandisha kiingilio cha wageni katika hifadhi za taifa hadi dola 15 kwa mara moja. Wanakijiji, ambao riziki yao ilikuwa hao wageni, walilichukua lango lililo upande wa kijiji na kuwaruhusu watu waingie. Dola ingeweza kutuma askari. Badala yake ilikaa mezani. Hifadhi ikaja kusimamiwa kwa pamoja, wanakijiji na wizara, na katika lango lile mgeni hutoa mchango kwa hiari yake. Msitu haukufa kwa sababu wananchi walipewa sauti. Ulipata walinzi wengine.

Kwetu sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Katika kijiji nilichozaliwa, pwani ya Tanga, njia tuliyopita utotoni kwenda ufukweni sasa inaishia kwenye ukuta wa hoteli. Mama yangu mdogo, ambaye hutafuta pweza miambani maji yakipwa wakati wa bamvua, huzunguka karibu saa nzima kufika mahali alipokuwa akifika kwa hatua mia mbili. Mwaka jana aliniuliza: "Mwanangu, wewe msomi, hizo mita sitini wanaanza kuzihesabia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali hilo ni sababu nzito ya safari hii kuliko nilivyowaambia wenzangu.

Wala si kwamba hatuna mifano. Kaya Kinondo, karibu na fukwe za Diani nchini Kenya, ni msitu uliosimama hadi leo kwa sababu wazee wa Kidigo waliulinda kwa miiko kabla ya sheria yoyote ya bunge. Mwaka 2008 misitu kadhaa ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sheria isiyo na wenyewe hubaki karatasi. Wenyeji wasio na sheria nao hushindwa na mwenye fedha.

Ratiba yangu, basi, ni fupi. Siku moja nitakaa Limón, mji ambao Marcus Garvey alifanya kazi kama karani wa saa wa United Fruit Company kabla ya kuanzisha harakati zake; ukumbi wa wafuasi wake uliungua mwaka 2016. Puerto Viejo nitalala katika nyumba ya wenyeji na kula wali na maharage ya tui la nazi, chakula ambacho mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa. Cahuita nitaomba kuonana na wajumbe wa kamati ya hifadhi. Nitawauliza siku ile ya 1994 walijipangaje, nani alitangulia langoni, na nani aliwaandikia barua za serikali. Majibu nitayapeleka kwanza kwa mama mdogo, kisha nitayaandika hapa.